Mwanamke Aliyemwimbia Maksai wa Kaka Yangu

Kaa upande huu wenye kivuli, wewe unayenisikiliza, na usiwe na haraka. Nilifundisha watu wazima kusoma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu hapa Lodwar, na kazi hiyo ilinizoeza kueleza jambo polepole, nikirudia pale mtu alipokwama. Ukikwama nami, rudi nyuma kidogo. Hakuna aibu. Nataka kukueleza habari za mwimbaji mmoja ambaye hatukuwahi kulijua jina lake, na za kaka yangu, ambaye alimpenda mwimbaji huyo kuliko sisi wote.

Kwanza ujue maksai ni nini kwetu. Kwingine maksai ni ng'ombe dume aliyehasiwa, wa kuvuta jembe au wa kupelekwa mnadani. Kwetu kijana huchagua mmoja akawa wa moyo wake. Humvika kengele shingoni, huzielekeza pembe zake zikue namna anavyotaka, humtungia wimbo, na watu huanza kumwita kijana kwa jina la ng'ombe wake. Akicheza ngoma, huinua mikono ikawa pembe. Maksai wa kaka yangu alikuwa mweusi tii, paji jeupe, pembe moja ikienda mbele na nyingine nyuma. Mimi nilikuwa mtoto tu kule Namoruputh, na kazi niliyojipa ni kumfuata kaka kila alikokwenda. Ndiyo maana aliniita Mkia.

"Mkia, toka hapo, utakanyagwa."

"Mkia, mama hakuzaa wewe, alizaa kivuli changu."

Wasichana wa bomani waliimba nyimbo za maksai wa kaka zao, kwa kuwa sifa ya ng'ombe ilikuwa sifa ya nyumba nzima. Kwa hiyo wimbo ule niliujua kabla sijaijua herufi hata moja.

Maksai huyo aliporwa. Wavamizi waliwakuta wachungaji upande wa Lokiriama, wakaondoka na kundi zima. Kaka alifuata nyayo mpaka mawe yakazificha, kisha akarudi peke yake, nyayo za miguu zimepasuka, na kengele ya maksai mkononi. Aliiokota njiani, kamba imekatwa. Baada ya hapo hakukaa sana bomani. Alihamia Lodwar, akapata kazi ya kupakua malori, akaoa. Alikuwa mtu wa utani, mcheshi, mwepesi wa kusaidia. Lakini hakuimba tena. Kanisani alisimama mdomo umefungwa huku sisi tukiimba, na harusini alipiga makofi tu. Mtu akimwuliza, alijibu, "Mimi nimepeleka koo langu malishoni," maneno ambayo hayakuwa na maana yoyote, naye akacheka ili usiulize tena.

Mimi nilikuwa nimeshamfuata mjini kusoma, kama ilivyo kawaida ya mkia.

Karibu na mahali malori yaliposimama palikuwa na kibanda cha chai chenye redio ya kaseti. Siku moja dereva wa lori la chakula cha kambi ya wakimbizi ya Kakuma alimwachia mwenye kibanda kaseti ambayo karatasi yake ilikuwa imechakaa hata herufi hazisomeki. "Chukua," alisema. "Huyu mama analia sana. Nikimsikiliza njiani naanza kukumbuka mambo yangu, na barabara yenyewe ni mbaya."

Sauti iliyotoka mle ilikuwa ya mwanamke, lakini imekwaruzwa, kama imeburutwa juu ya changarawe ya laga, mto wetu usio na maji. Alianza chini sana, karibu kunong'ona, kisha akapanda, na alipofika juu sauti ilipasuka naye hakujali, akaendelea kuimba na ule mpasuko wake. Nyuma yake gitaa la umeme lilimjibu. Karani wa mahakama, aliyekuwa amesoma mbali, alisema muziki huo ni bluzi, wa zamani, wa ujana wa wazazi wetu, na kwamba makali yale ya gitaa yalikuwa ya roki. Sisi wengine hatukuwa na haja ya majina hayo. Mshonaji wa jirani aliacha kukanyaga cherehani. Muuza nyama alishika kisu hewani.

Kaka yangu alikuwa ameinamia kikombe. Aliinua kichwa, akasikiliza mpaka utepe ulipokwisha, maana ulikwisha kabla ya wimbo, ukakatika katikati ya kilio. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Huyu mama, ng'ombe ya kaka yake imechukuliwa."

Halafu karani akacheka. "Wewe! Huyo ni mzungu au Mwafrika wa Marekani, hata mimi sijui. Anamlilia bwana. Nimesikia Kiingereza chake. Anamwambia rudi nyumbani, mpenzi wangu, nyumba ni baridi bila wewe."

"Sawa," kaka akasema. "Na wewe karani, ng'ombe yako ikiporwa utaiambia iende wapi? Si utaiambia irudi nyumbani?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na boma bila ng'ombe si ni baridi?"

"Ni baridi," muuza nyama akajibu kwa niaba ya karani.

"Basi wewe unajua maneno, mimi najua kilio. Mwanamke hawezi kulia hivyo kwa sababu ya bwana. Bwana akienda, anakuja mwingine. Hii ni ya ng'ombe. Na si ng'ombe yake, mwanamke hana maksai. Ni ya kaka yake. Kaka amenyamaza, sasa dada yake ndiye anaimba."

Kibanda kizima kilicheka, karani akashindwa, akalipiwa chai ya kumfariji. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna aliyeuita wimbo ule kwa namna nyingine. Watu walikuja wakasema, "Tuwekee ule wa ng'ombe." Walibishana kama maksai alirudi au hakurudi, kwa kuwa utepe haukutufikisha mwisho. Mshonaji alishikilia kuwa alirudi. Muuza nyama alisema kwa uzoefu wake wa ng'ombe, aliyeporwa harudi, labda umkutie mnadani Uganda.

Nakueleza haya ili uone tulivyompenda mwimbaji yule. Betri zikiisha nguvu tulizianika juani zikapata uhai wa wimbo mmoja zaidi. Siku za vumbi tulifunika redio kwa shuka kama mtoto mchanga. Mshonaji aliwahi kushona mkono wa blauzi ukawa na urefu wa kufika magotini kwa sababu alikuwa anasikiliza, na mwenye blauzi alipokuja kugomba akawekewa wimbo, akakaa, akasahau ugomvi. Na kaka yangu, baada ya kushusha magunia kutwa nzima, aliweka redio mapajani, akaishika kwa mikono miwili, akafumba macho. Midomo yake haikusogea. Yule mwanamke wa mbali alikuwa akimwimbia yeye.

Kisha akaja rafiki yetu kutoka Kakuma. Alikuwa Mkongo, mkimbizi, mpiga gitaa aliyewahi kupigia bendi kwao kabla ya vita. Alikuwa amepewa ruhusa ya kutoka kambini kuja hospitali ya Lodwar, akapita kibandani kunywa chai, na alipousikia wimbo aliweka kikombe chini, vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea juu ya meza kutafuta nyuzi. Kaka alimwona. Urafiki wao ulianza hapo. Kila alipopata ruhusa alikuja na gitaa lake, akijifunza wimbo ule kipande kwa kipande. Redio ya kibanda ilipokufa kabisa, kaka aliomba kaseti kwa mwenye kibanda, akampa yule Mkongo aende nayo. "Kwako iko mashine," alimwambia. "Huyu dada asikae kwa nyumba ya bubu."

Miaka ikapita. Kibanda kikavunjwa, lami ikaja, karani akafa, mshonaji akahamia kwa watoto wake. Tuliobaki, tukikutana njiani, tulisalimiana "Ejok," kisha mmoja angeuliza, "Bado unamkumbuka yule mama wa ng'ombe?" Na wote wawili tungesimama juani muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kaka yangu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakamtoka yote ila moja. Neno lililobaki ni "kesho." Ukimwuliza kama ana kiu, alisema kesho. Ukimwuliza anaumwa wapi, kesho. Mara ya kwanza tulicheka, yeye, mimi na wifi yangu mkewe, kwa sababu ilionekana kama utani wake wa kawaida. Kisha nikaona machozi. Alikuwa anajua anachotaka kusema. Kilikuwa ndani, mlango ndio uliofungwa, na kila alipousukuma lilitoka neno lilelile.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu, na nakuambia bila kuficha: nilitaka aniite Mkia. Wazazi wetu walikwisha kufa. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa na jina hilo kinywani. Akiondoka nalo, mtoto yule wa Namoruputh angeondoka pia.

Muuguzi mmoja hospitalini alitushauri vizuri. Alisema mara nyingine mgonjwa wa namna hii hushindwa kusema lakini huweza kuimba, kwa sababu wimbo hupita njia nyingine kichwani. "Mleteeni nyimbo alizozipenda," alisema. Wifi akamwambia, "Huyu hapendi nyimbo, huyu alipenda kaseti moja."

Kaseti haikuwepo. Wifi, ambaye ana simu nzuri, alisema simu siku hizi hujua kila wimbo, mtu aiimbie tu. Niliimba kilio kile kadiri nilivyokumbuka. Simu ikafikiri, ikatuletea wimbo wa harusi wa Kihindi.

"Imba na huzuni, wifi," akasema. "Inadhani umefurahi."

Niliimba na huzuni. Ikaleta tangazo la sabuni. Kaka kitandani akatikisika kwa kicheko cha upande mmoja, akasema, "Kesho, kesho," nasi tukacheka mpaka tukashikana. Ilikuwa siku nzuri ile. Lakini asubuhi iliyofuata nilipanda gari kwenda Kakuma.

Rafiki yetu Mkongo nilimkuta nyumbani kwake kambini, amezeeka, miwani imefungwa uzi. Hufundisha vijana wa kanisa gitaa. Alinishika mikono yote miwili akanikalisha. Nilipomweleza habari za kaka, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Dada," akasema, "ile kaseti haiko tena. Maji ya laga iliingia mu nyumba, ikabeba vitu yote. Nilikuwa naogopa kumwambia kaka yako. Kila mara anauliza, 'Dada yetu yuko muzima?' Mimi najibu, 'Yuko muzima.'"

Kisha akachukua gitaa. "Lakini hapa," akagusa kifua, "maji haikufika."

Aliupiga. Sijui kama alikosea mahali, mimi sikuona kosa. Mzee yule aliuimba kwa Kiingereza cha kubahatisha, na alipofika pale sauti ya mwanamke ilipopasuka, yake nayo ilipasuka, kwa uzee. Jirani mmoja akaacha kukwangua tunda la mti wa mkoma mlangoni. Niliishika simu niliyoazimwa na wifi, nikarekodi, na hata leo ukisikiliza rekodi ile utasikia bangili zangu.

Alipomaliza akasema, "Peleka. Lakini nikuambie kitu, isikuvunje moyo. Mimi nilimuimbiaka kaka yako hii wimbo, siku moja pale Lodwar. Alinikatalia. Alisema, 'Gitaa ni nzuri, lakini si wewe. Dada yake ndiye anaimba.' Nikamuuliza, 'Na wewe, si uko na dada?' Akasema, 'Niko naye. Alisahau.'"

"Nilisahau nini?"

"Sijui, dada. Mimi ni mutu wa gitaa tu."

Lakini mimi nilijua. Nilikuwa nimeenda shule, nikawa mwalimu, nikaingia kwaya. Wimbo wa maksai ulikuwa wa bomani, wa wasichana wenye shanga. Hakuna aliyenikataza. Uliniacha kidogokidogo kama lugha isiyozungumzwa, na kaka, ambaye alikuwa na koo lililofungwa, hakuniomba hata mara moja nimwimbie. Alikaa kibandani akamsikiliza dada wa mtu mwingine.

Rafiki yetu alitaka kuja nami saa ileile. Lakini mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa, na ruhusa ina foleni yake. "Nitaomba leo," akasema. "Mwambie aningojee." Akanisindikiza hadi barabarani, gitaa mgongoni, kana kwamba angeweza kupanda.

Nyumbani kwake Lodwar nilimwekea kaka rekodi. Alisikiliza gitaa, jicho lake zima likang'aa, lakini ilipoanza sauti ya mzee aligeuza uso ukutani. "Kesho," akasema, kwa upole, kama mtu anayekataa chakula bila kutaka kumwudhi mpishi.

Wifi akatoka nje kukoleza makaa. Nilibaki naye. Nilihamia upande wake wa kushoto, ulio hai, nikamshika mkono, nikaanza wimbo wa maksai. Nilidhani nimeupoteza. Haukupotea, ulikuwa umekaa tu, kama mbegu kwenye ardhi yetu inayosubiri mvua isiyo na tarehe. Niliimba paji jeupe. Niliimba pembe moja inayoiambia nyingine kwaheri. Niliimba kengele inayofika nyumbani kabla ya mwenye kengele. Mstari wa mwisho huishia kwa jina la maksai, na nilipofika hapo nilishindwa. Sikukusudia. Machozi yalinikatiza.

Kaka akalitamka.

Akalitamka lote, sawasawa, kwa sauti ya mtu wa machungani anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Kisha akanitazama, na sijui nani alishangaa zaidi. Nilirudia mstari, nikanyamaza makusudi. Akalitamka tena. Wifi aliingia mbio na koleo mkononi.

"Amesema nini?"

"Amemwita maksai."

Wifi akakaa chini sakafuni, akafurahi, akalia, kisha akakasirika. "Mimi nimempikia, nimemfulia, nimemgeuza kitandani, simo. Ng'ombe aliyeporwa hata sijaolewa ndiye anatajwa!"

Kaka alicheka. Na mimi, mwalimu, nikaona njia. Mtu mzima anayejifunza kusoma humwanzishi kwa herufi asizozijua, unamwanzisha kwa neno lililo karibu na moyo wake, kisha unasogea kidogo. Tulifanya hivyo. Kila asubuhi, jua likiwa bado na huruma, nilimwimbia beti za zamani nikimwachia maneno. Alitoa jina la maksai, kisha neno la maji, kisha jina la mto wetu. Nje ya wimbo bado ilikuwa kesho tu. Ndani ya wimbo alikuwa anarudi, neno kwa neno.

Nikatunga ubeti mpya kwa sauti ileile. Ningeweza kutunga wa kwangu. Nilikuwa nao tayari kichwani, unaohusu kitu kinachomfuata mtu nyuma machungani. Lakini nilimtazama wifi pale mlangoni, akijifanya anapepeta mchele, nikasema wa kwanza uwe wake. Kaka alimwita Mkaidi tangu walipooana, kwa sababu alikataa posa yake mara kadhaa kabla ya kukubali. Basi nikaimba habari za mwanamke ambaye chai yake ni chungu na maneno yake ni chungu na bila yeye nyumba haina moto, jina lake ni...

Nikanyamaza. Ungo ukanyamaza.

Kaka alihangaika. Shavu lilitetemeka. Nilitaka sana kumsaidia, lakini nilijizuia, maana ukimpa mtu neno umemnyang'anya.

"Mkaidi," akasema.

Mchele wote ulimwagika. Wifi alimkumbatia akamtukana kwa mapenzi, "Mkaidi mwenyewe! Mkaidi ni wewe, unakaa na jina langu tumboni siku zote hizi!" Naye, kwa kuwa mlango ulikuwa bado wazi kidogo, akalisema tena, nje ya wimbo, akimtazama. Nilitoka nje nikawaacha. Nilisimama chini ya mti wa mathenge nikijiambia wangu utafuata. Nilikuwa na furaha. Sikuona sababu ya kuharakisha.

Nilipanga kumpumzisha kidogo kisha niimbe ubeti wangu. Alichoka haraka, na lile neno la wifi lilikuwa limemtoa jasho. Siku niliyoichagua nilikwenda na uji. Jua lilikuwa limeshapanda, wifi amekaa nje na majirani wameinama, na niliposikia hakuna anayeongea nilijua. Kiharusi cha pili kilikuja akiwa amelala. Hakikumpa hata muda wa kusema kesho.

Niliingia. Nilikaa upande wa kushoto kwa mazoea. Niliuimba ubeti wangu wote, na mwishoni nikanyamaza, nikangoja. Majirani walidhani naomba. Nilingoja mpaka wifi akaja akanishika bega.

Tulimzika kwetu, Namoruputh. Rafiki yetu Mkongo alipata ruhusa baadaye, akafika Lodwar na gitaa lake, akakuta viti vya matanga vimesharudishwa. Muuza nyama, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, alikuja kumsalimu. Wifi alitoa chai. Kisha yule Mkongo akaanza kupiga wimbo wa yule mama, bila kuimba, gitaa peke yake likijibu mtu asiyekuwepo. Tulisikiliza. Nikiwa mkweli, haukunifariji. Uliniumiza mahali palepale, na nikamshukuru kwa kuwa mahali hapo palihitaji kuguswa.

Mpaka leo sijui kama jina langu lilikuwa bado ndani yake. Wifi ananiambia lilikuwemo. Anasema kwa ukaidi wake, nami namwachia aseme.

Wewe uliyenivumilia mpaka hapa, huenda una mtu nyumbani ambaye maneno yamemkimbia, au siku moja utakuwa naye. Usikate tamaa, na usidhani unahitaji sauti nzuri. Yule mwimbaji wetu alikuwa na sauti iliyopasuka, nasi tulimpenda hivyo. Keti upande wake ulio hai. Mshike mkono. Imba wimbo aliokuwa nao utotoni, taratibu, na ukikaribia neno analolipenda, nyamaza umwachie. Akihangaika, ngoja, usimpe. Na ubeti wenye jina lako uimbe leo.